Wazazi Wakitengana, Mtoto Atalala Wapi? Majibu ya Maswali Yenu

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilianza kutumika Kenya tarehe 26 Julai mwaka huo na kuifuta ile ya 2001. Tangu hapo barua nyingi za safu hii zinazunguka neno moja: sawa. Baba anasoma kwamba wajibu wa wazazi ni sawa, anahesabu kuwa amepewa nusu ya siku za mtoto. Mama anasoma neno hilo hilo, anaingiwa na hofu kwamba atalazimishwa kumkabidhi mtoto kwa mtu aliyekuwa akimpiga. Sheria haikusema hivyo kwa baba wala kwa mama. Tumejibu barua saba, tumezifupisha na kuondoa majina kwa ajili ya watoto.

SWALI: Nina mtoto wa miaka minne na mwanamke ambaye hatukuoana. Jina langu halimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Nikienda kumwona, babu yake ananiambia sijatoa mahari, kwa hivyo sina mtoto pale. Je, ni kweli? — Baba, Nakuru

JIBU: Si kweli, ndugu. Mahari ni shauri lako na wakwe. Mtoto ana haki zake mwenyewe. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na inataja wazi kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au hawakuoana. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Watoto kimelishika hilo na kuongeza kwamba hakuna mzazi mwenye haki ya juu kuliko mwenzake, mtoto awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje.

Babu huyo huenda anakumbuka mambo ya zamani. Chini ya sheria ya 2001, wazazi wasiooana walianza na mama peke yake. Baba aliingia baadaye, kwa amri ya mahakama, kwa mapatano na mama, au kwa kuonyesha kwamba waliishi pamoja kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili baada ya mtoto kuzaliwa, au kwamba alimkiri mtoto au kumtunza. Mlango huo wa nyuma haupo tena. Unaingilia mlango mmoja na mama.

Ila liangalie neno lenyewe: sheria inazungumzia wajibu. Ukifika kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako, mtumishi wa serikali anayeshughulikia mambo ya watoto, jiandae kuulizwa umemfanyia nini mtoto kwa miaka hii minne. Nenda na taarifa ya M-Pesa ya fedha ulizotuma, risiti za chekechea, kadi ya kliniki kama uliwahi kumpeleka, hata jumbe za simu ulizoomba kumwona ukakataliwa. Kama hujawahi kutoa chochote, anza mwezi huu, na utume kwa njia inayoacha alama.

Kuhusu cheti, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba kumnyima mtoto wa nje ya ndoa jina la baba kwenye usajili ni kinyume cha Katiba. Mama akikana kwamba wewe ndiye baba, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha DNA. Usimchukue mtoto kisirisiri ukampime mwenyewe. Utakuwa umevunja imani ya mama bila kupata ushahidi ambao mahakama italazimika kuukubali.

SWALI: Mume wangu anasema kwa kuwa sheria imesema "sawa", watoto watakaa kwake wiki moja na kwangu wiki moja. Kwake ni Kitengela, mimi niko Thika, na shule iko Thika. — Mama wa wawili, Thika

JIBU: Dada, wajibu sawa si mgawo wa usiku. Hapa kuna mambo matatu yanayochanganywa kila siku. Kwanza ni wajibu wa wazazi: kumkimu mtoto, kumlinda, kumsomesha, kumtibu. Huo mnao nyote wawili kwa kipimo kimoja, na hauondoki kwa kuhama nyumba. Pili ni ulezi wa kisheria, yaani nani anaamua mambo makubwa kama shule gani, upasuaji, dini, pasipoti. Mahakama nyingi siku hizi huuacha kwa wazazi wote wawili isipokuwa pawe na sababu. Tatu ni malezi ya kila siku, yaani mtoto analala wapi na nani anamwamsha kwenda shule. Huyo anaweza kuwa mzazi mmoja, na mwingine akawa na siku zake za kuwa na mtoto, bila yeyote kupungukiwa na uzazi wake.

Hakimu anapoamua hilo la tatu hapimi nani kati yenu anastahili zawadi. Anapima maslahi ya mtoto, ambayo Katiba inayaweka mbele ya yote. Jedwali la Kwanza la Sheria limeorodhesha mambo ya kutazamwa, yakiwemo umri na ukomavu wa mtoto na mahitaji yake maalum. Kwa miaka mingi mahakama zetu ziliegemea upande wa mama pale mtoto anapokuwa mdogo, ila pawe na sababu ya kipekee. Umri mdogo bado una uzito, hasa mtoto anayenyonya, lakini usiutegemee peke yake. Mama asiyemlea mtoto mwenyewe, amemwacha kwa jirani kutwa kucha, hataokolewa na neno "mdogo".

Kwenu, hoja yenye nguvu ni barabara. Mtoto wa darasa la pili anayelala Kitengela na kusoma Thika ataamka gizani, atavuka Nairobi yote asubuhi na kuivuka tena jioni, wiki mbili kila mwezi. Mpe afisa wa watoto hesabu hiyo kwa saa: gari linaondoka saa ngapi, mtoto anafika saa ngapi, kazi ya nyumbani anaifanya wakati gani. Kisha usiishie kukataa. Pendekeza kitu: Ijumaa ya pili na ya nne baada ya shule hadi Jumapili jioni, na nusu ya likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Mzazi anayekuja na ratiba mkononi husikilizwa tofauti na anayekuja na kinyongo.

SWALI: Tumeelewana vizuri, hatutaki kesi. Je, tunaweza kuandikiana wenyewe? Tuweke nini ndani? — Wazazi, Kisumu

JIBU: Mnaweza, na mmechagua vyema. Mapatano ya wajibu wa wazazi huandikwa kwa wakili au mbele ya afisa wa watoto, ambaye mara nyingi ana fomu yake. Karatasi iliyopigwa muhuri wa chifu inafaa kama kumbukumbu, lakini haina nguvu ya amri. Mkishaweka sahihi, pelekeni mapatano Mahakama ya Watoto yapokewe na kufanywa amri ya mahakama. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka. Miezi minane baadaye mmoja anaacha kutoa fedha, na mwenzake anagundua kwamba hana cha kutekelezesha. Inabidi aanze kesi upya. Mkikwama katikati ya kesi, upo pia usuluhishi unaosimamiwa na mahakama, ulioanzishwa Nairobi mwaka 2016 na kuenea kaunti nyingine. Unapewa muda wa siku 60, na mkiafikiana, makubaliano yanakuwa amri.

Sasa ndani yake. Kosa kubwa la mapatano ya Kenya ni adabu. Watu wanaandika "baba atamwona mtoto wakati unaofaa" na "wazazi watasaidiana mahitaji". Siku ya amani sentensi hizo zinapendeza. Siku ya ugomvi hazina maana yoyote, kwa sababu kila mmoja ana "wakati unaofaa" wake. Andikeni hivi: "Baba atamchukua mtoto Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, mlangoni pa nyanya yake mzaa mama, na kumrudisha hapo hapo Jumapili saa kumi na moja jioni." Siku, saa, mahali, mtu. Mapatano yakiandikwa kwa Kiingereza, soma saa mara mbili: nambari 9 ya asubuhi ni saa tatu kwetu, na ugomvi mzima unaweza kuzuka kwa sababu mmoja alifika saa tatu na mwingine akamngoja saa tisa. Hata neno "Jumamosi ya kwanza" lina mtego mwezi unapoanza Jumapili. Semeni kama mnahesabu Jumamosi au mnahesabu wikendi.

Likizo ziandikwe peke yake, maana ratiba ya kawaida husimama hapo. Desemba ndiyo inayovunja mapatano mengi kuliko mwezi mwingine wowote, kila ukoo ukimtaka mtoto nyumbani. Njia inayodumu ni kupishana: Krismasi ya mwaka wa namba shufwa kwa baba, ya mwaka wa namba witiri kwa mama, na Mwaka Mpya kinyume chake. Kwa Waislamu fanyeni vivyo hivyo kwa Idi mbili, moja huku, nyingine kule, mwaka unaofuata mgeuze.

Fedha zigawanywe kwa kitu, si kwa jumla. "Baba atalipa shilingi 15,000 kwa mwezi" ni sentensi dhaifu, kwa sababu muhula ukifungua mmoja atasema karo imo humo na mwingine atasema haimo. Afadhali kusema: baba analipa karo moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kabla ya siku ya kufungua, mama analipa kodi ya nyumba na chakula, sare na vitabu nusu kwa nusu ndani ya siku saba baada ya risiti kutumwa, bima ya afya mtoto yuko chini ya fulani, gharama ya hospitali isiyo kwenye bima nusu kwa nusu. Si lazima iwe nusu. Mwenye kipato kikubwa anaweza kubeba zaidi, na mahakama hutazama uwezo wa kila mmoja. Kukaa na mtoto, kumfulia na kumwuguza nako ni mchango, hata kama hakuna risiti yake.

Kuna vipengele vidogo ambavyo watu husahau. Simu: mzazi asiye na mtoto atampigia siku gani, saa ngapi, kwa namba ya nani. Mchukuaji mbadala: kama baba yuko kazini, ni nani mwingine anaruhusiwa kumchukua mtoto shuleni, na shule ipewe nakala. Kuchelewa: baada ya dakika ngapi ziara inahesabika imefutwa. Ugonjwa: mtoto akilazwa, mwenzake aarifiwe siku hiyo hiyo. Safari: hakuna kumtoa mtoto nje ya nchi bila idhini ya maandishi. Na kipengele cha kubadilisha, yaani mtakaa chini kuyapitia upya lini. Ratiba ya mtoto wa miaka miwili haiwezi kumfaa akiwa na miaka tisa, kwa hivyo andikeni tarehe ya kuyapitia, mathalani kila Januari.

SWALI: Nilimwacha mume wangu Februari baada ya kunipiga mbele ya mtoto wetu wa miaka sita. Mtoto hajaguswa, ila sasa analowesha kitanda. Baba anamtaka kila wikendi na anasema kipigo kilikuwa "mambo ya mke na mume". — Mama, Machakos

JIBU: Pole sana, dada. Kipigo anachokiona mtoto ni jambo la mtoto. Sheria inaitaka mahakama, inapoamua ulezi, iangalie kama mtoto ameumia au huenda akaumia, na kuumia kwa nafsi ni kuumia. Kulowesha kitanda kwa mtoto aliyekwisha kuacha ni dalili ambayo daktari anaweza kuiandika. Mpeleke hospitali, umweleze daktari mtoto alishuhudia nini, na uombe maandishi.

Njia zako ni mbili na zinaweza kwenda pamoja. Ya kwanza ni Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Unaomba amri ya ulinzi katika mahakama ya hakimu, na inaweza kumlinda mtoto pamoja nawe. Pakiwa na hatari ya karibu, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikiliza upande wa pili. Ya pili ni Mahakama ya Watoto, ambako unafungua kesi ya ulezi na kuambatanisha ombi chini ya cheti cha dharura, yaani hati ya kuiomba mahakama isikilize ombi haraka. Huko unaweza kuomba ulezi wa muda, na ziara za baba ziwe chini ya usimamizi hadi kesi isikilizwe.

Ziara ya usimamizi watu wengi hawaijui. Haimfuti baba. Mtoto anakutana naye mahali palipotajwa, kwa mfano ofisi ya watoto au nyumba ya ndugu anayeaminiwa na pande zote, kwa saa mbili au tatu, na mtu mwingine yupo chumbani muda wote. Msimamizi asiwe wewe, wala asiwe mtu anayemwogopa mume wako. Omba pia kwamba mtoto akabidhiwe bila nyinyi wawili kukutana uso kwa uso, kwa sababu mlangoni, mkoba mkononi, ndipo ugomvi wa waliotengana hurudi. Wewe unamleta saa nne kasoro robo na kuondoka. Yeye anafika saa nne. Robo saa hiyo ni ulinzi.

Ushahidi andika kama daftari la duka. Hati ya kiapo inayosema "amekuwa mkali siku zote" haimsaidii hakimu. Inayosema "tarehe fulani, saa mbili usiku, sebuleni, alinipiga kwa mkanda, mtoto akiwa nyuma ya kochi, kesho yake niliripoti kituoni na kupewa namba hii ya OB (daftari la matukio la polisi), daktari alijaza fomu ya P3 (fomu ya polisi ya kuandika majeraha)" inamsaidia sana. Tukio moja, aya moja. Hifadhi jumbe za vitisho bila kuzikatakata. Mazungumzo yaliyopunguzwa hutiliwa shaka.

Na hapa tunasema kwa msisitizo, kwa sababu wazazi wenye haki huharibu kesi zao wenyewe. Usimhoji mtoto usiku baada ya usiku ukimrekodi kwa simu. Mtoto aliyehojiwa mara kumi huanza kutumia maneno ya mkubwa, na hakimu huyasikia. Usiweke picha wala habari yake mitandaoni. Faragha ya mtoto inalindwa na sheria, na chapisho hilo litaletwa mahakamani dhidi yako. Usimfiche bila kumwarifu mtu yeyote. Kama umekimbia naye kwa usalama, mjulishe afisa wa watoto siku hiyo hiyo uliko na kwa nini, kisha fungua kesi haraka. Kukimbia kwa mama aliyeripoti kunaeleweka; ukimya wa miezi mitano ni mgumu kuueleza.

Kwa wasomaji wengine: kama hofu yenu ni ya ubakaji au kushikwa vibaya, utaratibu ni mwingine na saa zinahesabika. Hospitali kwanza, kisha polisi, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Msimwogeshe mtoto kabla ya kumpeleka. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuoza ushahidi. Hiyo ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Haimalizwi na wazee, haimalizwi kwa mbuzi. Simu ya watoto ni 116, hailipiwi. Ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

Asiye na uwezo wa wakili aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au, kwa akina mama, FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ambao pia huwafundisha watu kujiwakilisha wenyewe.

SWALI: Ameacha kutuma matunzo tangu Juni. Nimemwambia bila pesa hatamwona mtoto. Nimekosea? — Mama, Nyeri

JIBU: Ndiyo, mama, kwa hilo umekosea, ingawa hasira yako tunaielewa. Kumwona mzazi ni haki ya mtoto, na kulishwa ni haki ya mtoto. Huwezi kumnyang'anya moja ili kudai nyingine. Vivyo hivyo baba hawezi kuzuia fedha kwa kuwa hakuonyeshwa mtoto. Kama una amri, rudi kwenye masjala ya mahakama ile ile na uombe utekelezaji. Hesabu deni mwezi kwa mwezi: kilichoamriwa, kilicholipwa, kilichobaki. Mahakama inaweza kumwita ajieleze kwa nini asiadhibiwe, kuamuru mwajiri akate mshahara, kukamata mali, na mwisho kumfunga jela ya madai, yaani kifungo cha asiyelipa deni. Kama huna amri, fungua kesi, na ambatanisha bajeti halisi ya mtoto yenye risiti. Bajeti iliyovimbishwa, ya nywele shilingi 8,000 kwa mtoto wa miaka mitatu, hupunguza uzito hata wa mambo ya kweli.

Baba aliyepoteza kazi naye asinyamaze. Aende mahakamani kuomba kiwango kibadilishwe mara tu hali inapobadilika, kwa sababu deni huendelea kujumlishwa akiwa kimya. Wajibu wenyewe kwa kawaida unakoma mtoto akifika miaka 18, lakini mahakama inaweza kuuendeleza akiwa bado anasoma au ana ulemavu.

SWALI: Binti yangu yuko Saudia kikazi, mimi ndiye ninayemlea mjukuu. Shule na hospitali zinaniuliza karatasi. Baba yake ametokea juzi anamtaka. — Bibi, Kilifi

JIBU: Shikamoo bibi. Mwambie binti aandike barua ya kukuidhinisha kumlea mtoto, kumwandikisha shule na kuridhia matibabu, ikiwa na nakala ya pasipoti yake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na uipeleke kwa afisa wa watoto aiweke kwenye faili. Barua hiyo itakuvusha kwa mambo ya kila siku. Kumzuia baba ni jambo jingine. Yeye ni mzazi, na kama hakuna hatari, hatua ya kwanza ni kukaa naye mbele ya afisa na kumwanzishia ziara fupi zinazoongezeka polepole, kwa sababu mtoto hamjui. Ukiona nia ya kumchukua kwa nguvu, ndugu anayemlea mtoto anaweza kuomba ulezi mahakamani, pamoja na amri ya kumzuia mtu kuchukua hatua fulani, kama kumhamisha mtoto au kumtoa nchini. Amri hiyo iombwe mapema. Kumzuia mtoto asivuke Namanga au Lunga Lunga ni karatasi moja. Kumrudisha akishavuka ni shughuli ya miezi.

SWALI: Kesi yetu inasikilizwa mwezi ujao. Mwanangu ana miaka kumi na mmoja. Ataulizwa anamtaka nani? Nimwandaeje? — Baba, Mombasa

JIBU: Huenda akasikilizwa, ila si kwa swali hilo. Maoni ya mtoto huzingatiwa kwa kadiri ya umri na ukomavu wake, na ni kitu kimoja kati ya vingi; hapigi kura. Kabla ya hapo, huenda afisa wa watoto akatembelea nyumba zote mbili na kuandika ripoti. Anatazama mtoto analala wapi, nani mwingine anaishi humo, anazungumza na walimu. Usipake nyumba rangi kwa ajili yake. Onyesha kitanda cha mtoto, vitabu vyake, na mtu atakayekuwa naye wewe ukiwa kazini, jina na simu.

Siku ya mahakama, kikao cha watoto hakihudhuriwi na umma, na hukumu zinapochapishwa majina hufupishwa kuwa herufi. Hakimu kwa kawaida humwita mtoto ofisini kwake, wazazi wakiwa nje, na kumuuliza mambo ya kawaida: unaamka saa ngapi, nani hukusaidia hesabu, ukiumwa unamwambia nani. Majibu ya maswali hayo hayafundishiki, na mtoto aliyefundishwa huonekana haraka, kwa kuwa analeta jibu kabla ya swali.

Kwa hivyo usimpe la kusema. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwambie maneno machache tu: kuna mtu mzima atakuuliza habari zako, jibu unalolijua, usipojua sema sijui, na mimi na mama hatutakukasirikia kwa lolote utakalosema. Muombe mama yake amwambie hivyo hivyo, kwa simu, nawe ukiwa chumba kingine. Asubuhi mvalishe nguo anazozipenda, na umfungie chakula na maji, maana orodha ya kesi inaweza kuwa ndefu na akaitwa baada ya adhuhuri.